Kaa Upande wa Babu

Katika Kaunti ya Kilifi kuna wazee wanaopaka nywele zao rangi nyeusi, wala si kwa urembo. Wanazificha mvi. Kwa miaka mingi wazee wameuawa vijijini kwa kusingiziwa uchawi, na aghalabu ukilifukua neno hilo, chini yake unakuta shamba: mzee ana ardhi, walio nyuma yake wanataka kuigawa au kuiuza, naye hajakubali. MADCA, chama cha utamaduni cha hapa Malindi, kimekuwa kikiwahifadhi wazee waliokimbia makwao. Niliwahi kukaa na mmoja wa waliokimbia. Hakuwa akiogopa mwizi wala jirani. Alikuwa akiogopa wajukuu.

Naanza na jambo zito hivi kwa sababu makanisani tukizungumzia wazee na vijana, mazungumzo huishia kwenye muziki: wazee wanataka tenzi za zamani, vijana wanataka spika zipasuke. Ingekuwa hivyo tu, tungenunua spika mbili tukamaliza. Huku kwetu kijana anakua akisikia nyumbani kuwa mzee fulani ni wa kuchungwa, kisha Jumapili anaambiwa yule yule ni mzee wa kanisa, amwamkie na amtii. Mzee naye akimwona kijana mwenye rasta akipita na pikipiki, anafunga mlango mapema. Hofu iko pande zote mbili, ila imefunikwa kwa shikamoo na marahaba.

Mimi ni mpishi mstaafu. Nimepika katika hoteli za ufuoni tangu enzi zile Waitaliano walipojaa Malindi mpaka watoto wa mtaa wa Shela wakiuza bangili kwa Kiitaliano bila kubabaika. Hoteli nyingi zilipofunga milango, nikabaki na muda mwingi na pensheni ndogo. Kanisa letu ni la Kianglikana. Likanifanya mlezi wa vijana. Sijui walifikiri nini. Labda waliona mpishi hana cheo kikubwa cha kupoteza. Basi nimekaa na vijana hawa, wale wa KAYO, umoja wa vijana Waanglikana, na wale wanaokuja siku ya harusi tu, na kuna mambo nimeyaona.

Mgiriama wa huku kwetu pwani ana namna mbili za kukaa na mtu aliyemzidi umri. Kwa baba hunyamaza. Baba akisema, unaangalia chini, unasema ndiyo, unaondoka. Kwa babu, tsawe, mambo ni mengine kabisa, ni utani. Mjukuu wa kiume humwita bibi yake “mke wangu”, na bibi humjibu kwamba mume gani huyu, tangu aoe hajaleta hata robo ya sukari. Mtoto hupewa jina la babu yake, kwa hiyo babu akimwita mjukuu anajiita mwenyewe. Ndiyo maana mvulana aliyeharibu nyumbani hukimbilia kwa babu mpaka hasira ya baba ipoe. Babu hamtetei kwa maneno mengi. Humpa ugali, akamuuliza habari za mbuzi.

Kanisani, sisi wenye mvi tumejigawia nafasi moja tu, ya baba. Kila mmoja ana onyo lake mfukoni. Kijana akitoka ibadani anapita katikati ya akina baba na akina mama kumi kabla hajafika langoni: huyu anataja sketi, huyu anataja nywele, huyu anauliza mbona Alhamisi hukuja mazoezi, yule anauliza utaoa lini. Baba ni mtu muhimu, lakini mmoja hutosha. Upande wa babu kiti kiko wazi. Nilichofanya mimi, kama kuna nilichofanya, ni kwenda kukaa pale.

Na si jambo la Kigiriama tu. Paulo alipomkumbusha Timotheo imani yake ilikotoka, hakuanza na wazee waliomwekea mikono. Alianza na bibi yake, Loisi, kisha mama yake, Eunike. Katika Biblia nzima hakuna hata sentensi moja aliyoisema Loisi. Hatujui alihubiri nini, au kama alihubiri. Tunajua tu kwamba imani ilikaa kwake kwanza, na kijana alikuwa karibu naye kiasi cha kuiona.

Utani una kanuni zake. Hutanii umbo la mtu, wala ukosefu wa kazi, wala miaka ya binti ambaye hajaolewa. Babu hujitania mwenyewe kwanza. Mimi hutania kipara changu na Kiingereza changu cha hotelini. Binti mmoja wa kwaya aliniambia Kiingereza changu kina mchuzi. Nikamwambia kina na jibini, amekula tu upande mmoja. Tangu siku hiyo, hata akiwa amenuna, hupitia nilipo. Wapo wenzangu wa KAMA, chama cha wanaume, wanaoona ninajishusha. Mmoja alinionya kwamba mtoto ukimzoea atakupanda kichwani. Mpaka leo sijapandwa. Wale ninaowatania ndio wanaonitafutia kiti mkutano ukijaa.

Lakini utani ni wa kufungulia mlango. Maneno yenyewe mazito, kwa nilivyoona, hayaji watu wakitazamana. Kila mwaka tunaandaa semina ya vijana: mgeni kutoka Mombasa, projekta, viti vya plastiki, mada kama “Kijana na Uchumba Mtakatifu”. Mwisho mgeni anauliza kama kuna swali, na ukumbi mzima unaangalia sakafu. Mgeni anaondoka akiamini vijana wa Malindi hawana maswali. Angebaki mpaka usiku angeyasikia yote, jikoni.

Harusi na matanga ya kanisani kwetu tunapika wenyewe. Pilau ya watu mia tatu huanza usiku wa kuamkia shughuli. Mchele unachambuliwa, vitunguu vinamenywa gunia zima, thomu na tangawizi vinatwangwa, nyama inakatwa, nazi za wali wa wasiokula pilau zinakunwa. Akina mama wana meko yao na mazungumzo yao, huko siendi. Upande wangu huomba vijana, wavulana kwa wasichana, kwa sababu sufuria zile zinataka migongo. Saa nne za usiku ni kelele na vicheko, simu inapiga muziki, mtu anaonja nyama mbichi kwa ujinga wake. Saa sita wavivu wanatoroka. Ikifika saa tisa wamebaki wachache, moto umetulia, na mmoja anaanza kusema bila kukutazama. Anaangalia kitunguu. “Babu, hivi mtu akiacha chuo mwaka wa pili, huko ni kumkosea Mungu?”

Hapo wazee wengi huharibu. Hugeuka wakamkazia macho, wakakaa vizuri, wakafungua mahubiri. Mimi huomba kitu kwanza. “Nipe hiyo bizari nyembamba.” Ananipa. Nakoroga. Baada ya muda nauliza, “Mwaka wa pili wa nini?” Katika muda huo wa kukoroga, yeye hupima kama aendelee au aache, na akiamua kuacha hajaaibika, maana alikuwa akimenya vitunguu tu. Akiendelea, basi ameamua mwenyewe.

Usiku kama huo nimesikia habari za mimba, za mikopo ya simu iliyopandana hadi mtu akabadilisha laini, za kamari, za baba anayerudi na mnazi kichwani na kupiga watu. Nimemsikia kijana mmoja akisema haamini tena, miaka miwili sasa, ila anaendelea kupiga kinanda kwa sababu kwaya haina mwingine. Huyo sikumhubiria. Nilimuuliza ilianza lini, na nini kilitangulia. Kilichotangulia ni msiba. Nikamwambia ule msiba naukumbuka, nilipika mimi. Bado anapiga kinanda. Sijamuuliza tena kuhusu imani yake. Anajua kwamba najua, na bado anakuja kumenya vitunguu. Kwangu hilo linatosha kwa sasa.

Sasa niseme kwa ukali kidogo. Kitu kinachoua mambo haya kuliko gitaa na sketi zote ni ombi la maombi. Binti anamweleza mama mmoja wa kanisa, kwa siri, kwamba ana wasiwasi ni mjamzito. Jumatano, kwenye maombi ya katikati ya wiki, mama anasimama: “Wapendwa, tumkumbuke dada yetu mmoja wa kwaya, adui amemjaribu.” Jina hakulitaja. Kwaya ina mabinti wanane. Alhamisi jioni mitaa ya Barani na Maweni yote imeshapiga hesabu. Huo ni umbea uliofumba macho. Wala simsemi mama kuwa ni mbaya. Pengine alilia kwelikweli alipokuwa akiomba. Lakini binti hakurudi kwaya, na marafiki zake, ambao hawakuwa na shida yoyote, walijifunza palepale kwamba mtu mzima wa kanisa haambiwi kitu.

Kwa hiyo niliyoambiwa jikoni siyapeleki hata kwa Mungu kwa sauti. Mke wangu amezoea, haniulizi. Kuna mahali ninapovunja kimya, na huwa nalisema mapema: mtoto akiwa anaumizwa, au mtu akiwa anataka kujidhuru. Hapo namwambia aliyenieleza kwamba mzigo huu siwezi kuubeba peke yangu, tuchague pamoja wa kumwendea. Mara zote wamechagua. Hakuna aliyenikatalia, na nadhani wengine walinieleza kwa sababu walitaka nisiubebe peke yangu.

Kisha ikaja SHA, na sikutegemea bima ya afya ifanye kazi ambayo semina zetu zilishindwa. Oktoba 2024 bima ya zamani ya serikali, NHIF, iliachwa, ikabidi kila mtu ajisajili upya, kwa *147# au kwa mtandao. Wazee wetu wengi walikaa na simu mkononi wakiitazama tu. Vijana wakaweka meza chini ya mwarobaini baada ya ibada. Tulidhani ni kazi ya dakika mbili kwa kila mtu. Kumbe usajili ule una maswali ya kupima uwezo wa kaya: paa lako ni la nini, choo ni cha namna gani, mnapikia nini, mnawasha taa gani.

Hebu fikiria mzee mwenye suti, aliyesoma matangazo mbele ya kanisa kwa miaka, akiulizwa na mvulana wa miaka ishirini kuhusu choo chake. Foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Mvulana, kwa akili zake, akashusha sauti na kugeuza kiti ili mzee awape mgongo watu. Hakuna aliyemfundisha. Mzee mwingine, mkali, ambaye watoto humkwepa, aliulizwa siku ya kuzaliwa akasema hiyo iliyo kwenye kitambulisho ni ya kukisia, mama yake alimwambia tu alizaliwa wakati wa njaa. Binti aliyekuwa akimsajili akamuuliza njaa gani, na mzee akaanza kusimulia. Foleni ikasimama nusu saa, na watu wakamezea njaa yao wenyewe ya mchana. Wa tatu alishindwa kusoma ujumbe ulioingia kwenye simu. Kumbe hajui kusoma hata kidogo. Kila Jumapili hushika kitabu cha tenzi, kumbe zote anazo kichwani. Binti aliyegundua alinyamaza kimya. Mzee mwenyewe ndiye aliyetusimulia baadaye, akicheka, kwamba siku hizi ana karani. Karani huyo humsomea jumbe zake kila Jumapili, na naye hujifunza tenzi ambazo kwaya ilishaziacha.

Kwa miaka tulikuwa tunajiuliza tuwape vijana nini. Hatukuwa tumewaomba kitu chenye maana. Kubeba viti si kitu chenye maana. Ni kubeba viti. Siku wazee walipohitaji jambo ambalo bila kijana lisingefanyika, na kwa kulifanya kijana akayaona maisha ya mzee yalivyo hasa, ndipo watu walipoanza kujuana.

Nitie neno hapa kuhusu pesa, kwa sababu linaniudhi. Kijana wa boda akiwa wa kanisa, akina mama hutaka awapeleke Kijiwetanga kwa nusu ya nauli kwa kuwa ni “mtoto wetu”. Fundi wa simu wa kanisa hutengeneza bure. Aliye na kamera hupiga picha za harusi kwa sahani ya pilau. Pikipiki ile ina mkopo, na aliyemkopesha hapokei baraka. Kama kweli ni mtoto wetu, alipwe kamili na kwa wakati, ikiwezekana na ya chai juu. Kwa upande wa pili, mzee asiwe M-Pesa inayotembea. Wakiniomba nauli huwapa kazi: nisaidie soko, tukaangue mbaazi, nilipe. Mara chache huwa natoa tu, bila kuuliza, maana babu pia hutoa tu.

Mmoja wa vijana wetu huongoza watalii kwenye nguzo ya Vasco da Gama na kwenye kile kikanisa kidogo cha Wareno kilichoezekwa makuti. Kikanisa kile nimekipita maisha yangu yote nikienda kazini, nisijue chochote zaidi ya kwamba ni cha zamani. Nilimwomba atupeleke wanaume wa KAMA, kama watalii, na tumlipe kama watalii. Baadhi walikuja kwa sababu ya madafu niliyoahidi.

Alitueleza jinsi da Gama alivyofika mwaka wa 1498, akapokewa vizuri na mfalme wa Malindi na kupewa rubani wa kumvusha hadi India. Hiyo tuliisoma shuleni. Kisha akatueleza tusiyoyajua. Mwaka wa 1542 Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, alipita hapa akielekea India na kumzika msafiri mwenzake aliyefariki. Katika barua aliyoiandika Goa mwaka huo huo, alisimulia kwamba Mwislamu mmoja mwenye heshima hapa mjini alimuuliza kama Wakristo kwao bado wanajaa makanisani. Maana hapa Malindi, alilalamika, ibada ilikuwa imepoa: misikiti ni 17, na inayosaliwa ni 3 tu, tena na watu wachache.

Wanaume walicheka, kisha wakaacha kucheka mmoja mmoja. Kila mtu anaijua Malindi ya leo Ijumaa adhuhuri, mikeka inavyotandikwa mpaka nje. Mheshimiwa yule aliona dini inamfia mikononi, na hivi tunakaribia miaka 500. Kijana akatugeukia, kwa adabu zote: “Basi wazee wangu, mnaposema kizazi chetu kimeiacha dini, mna uhakika gani?” Mwenyekiti wetu alisema twende tukanywe madafu. Ila njiani alimshika kijana mkono, akawa anamuuliza ile barua inapatikana wapi.

Shakahola siwezi kuikwepa. Mwaka wa 2023 katika msitu ule, ndani ya kaunti yetu, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioingia huko kwa ajili ya dini, wengi wao wakiwa wamefunga hadi kufa. Miili ililetwa mochwari ya hospitali ya hapa Malindi. Ndugu za waliopotea walikaa nje ya hospitali siku nyingi wakisubiri kuitwa. Baadhi walilala kwa watu tunaowajua. Sisi wazee wa makanisa tulikuwa na jibu moja, na tulilitoa haraka: wale si sisi.

Vijana hawakuwa wameuliza hilo. Binti mmoja, mpole, ambaye hata kwaya husimama nyuma, alisema katika kikao: “Wale walikuwa watiifu. Waliambiwa wasihoji, hawakuhoji. Na mimi tangu shule ya Jumapili nimefundishwa nisihoji. Basi tofauti yangu na wao ni nini, bahati?” Mzee mmoja alimwambia maneno hayo ayatubu. Binti akakaa. Naona mpaka leo kwamba dakika ile tungeweza kuwapoteza wote, si yeye peke yake.

Aliyeokoa kikao ni kasisi, na namsifu kwa hilo. Alifungua Matendo 17, habari za watu wa Beroya. Paulo mwenyewe aliwahubiria, nao walikwenda kuchunguza Maandiko kila siku waone kama anayosema ni kweli, na kwa kufanya hivyo wakaitwa waungwana. Akasema, kama Paulo alichunguzwa, sisi ni nani. Kuanzia hapo tukawa na kikao baada ya ibada ambapo mahubiri ya siku ile yanahojiwa, kasisi akiwepo. Mara za kwanza maswali yalikuwa ya kutikisa kiberiti tu. Baadaye yakawa ya kweli: kufunga ni kwa ajili ya nini, nani anaweza kuniambia niache dawa, mchungaji akikosea anaambiwa na nani. Wazee wengine hawakupenda, wawili wameacha kuja. Wanasema kanisa limekuwa bunge. Huenda. Lakini mtu mwenye mvi katika kaunti hii, baada ya msitu ule, hana tena haki ya kusema “nitii kwa sababu ni mkubwa wako”. Kama hawezi kuhojiwa na mtoto aliye mdogo wake kwa miaka arubaini, mtoto ana sababu nzuri ya kukaa mbali naye.

Maswali yakishaachiwa hayaishii mahali unapopenda. Juni 2024 vijana nchi nzima walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, wa kwetu wakaleta bahasha mezani. Si bahasha yenye kitu. Swali la bahasha za wanasiasa. Tangu Septemba 2021 Askofu Mkuu wetu, Jackson Ole Sapit, alishasema wanasiasa wasipewe mimbari, mbona katika harambee bado wanashika maikrofoni? Baraza la kanisa lilijadili hilo mpaka jua likazama. Mwishowe ikakubalika mwanasiasa atoe sadaka yake kwenye kikapu kama mjane yeyote, maikrofoni abaki nayo kasisi. Vijana wawili wakaingizwa kwenye kamati ya fedha, na si kuandika kumbukumbu tu: bila sahihi ya mmoja wao pesa hazitoki. Hesabu sasa zinabandikwa ukutani. Niliogopa sana siku ile, nakiri, kwamba wataona jinsi tulivyo maskini. Waliona. Ndio waliopanga kukodisha viti na mahema ya kanisa siku za katikati ya wiki.

Si wote waliokaa. Mmoja alikwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani na hunitumia sauti kwenye WhatsApp, ndefu, usiku wa manane, anielezee alichopika. Namjibu fupi kwa sababu vidole vyangu vinene. Mwingine aliacha kabisa, tukikutana sokoni ananiamkia na kukatiza njia. Kuna kundi la kijiweni Kisumu Ndogo, watafunaji wa muguka, majani ya kuchangamsha kama miraa. Mei 2024 kaunti ilipoipiga marufuku, kisha mahakama ikasimamisha marufuku hiyo, waliniuliza mimi niko upande gani. Nikawaambia upande wa meno yenu na wa mama zenu wanaolala macho, basi, tukaendelea na habari za mpira. Hawajaacha. Wananiachia nafasi kwenye benchi, na mmoja wao amekuja kanisani mara moja, akakaa karibu na mlango.

Wazee wenzangu huniuliza sasa waanzie wapi, na wengi wanataka niwaandikie ratiba. Sina ratiba. Mmoja alisema hana la kumwambia kijana, dunia imebadilika. Nilimuuliza simu yake inasumbua nini. Akasema haifungui picha za wajukuu walioko Nairobi. Nikamtajia jina la kijana anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwake, ambaye yeye humjua kwa sura tu.

Desemba kuna harusi: yule wa kinanda anaoa. Hawezi kupika harusi yake mwenyewe, kwa hiyo usukani wa jikoni amepewa binti wa Kiingereza chenye mchuzi, ambaye amekuwa akikoroga nami tangu akiwa kidato cha pili. Ameshatoa orodha ya zamu. Bizari na nyama amejiwekea mwenyewe. Mimi nimepangiwa vitunguu, kuanzia saa nne usiku, na ameandika kwa herufi kubwa kwamba atakayechelewa atakuna nazi.